Lita Nane za Kumrudisha Rawiya

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya tatu bila mke. Chai nimejipikia mwenyewe. Imeungua. Sikujua kwamba chai huungua!

Niandike kisa chote, ili siku moja watu wajue ni nani aliyekuwa na haki. Ijumaa Rawiya alifunga nguo zake ndani ya leso akaenda kwa mamake, Bi Saadiya, Mbwajumali, ng'ambo ya maji. Sababu ni injini. Injini ya gari la zamani la Kimarekani, silinda nane, lita saba na zaidi, chuma kitupu, iliyokuwa imelala Mokowe chini ya turubai tangu mwenye gari alipofariki. Nilibadilishana na warithi wake kwa cherehani nne nilizozifufua kwa mikono yangu. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, kisiwa kizima cha Amu wananijua. Mahamali wanane waliibeba kwa miti kutoka gatini mpaka mtaani kwetu Langoni, na ilibidi tung'oe mlango ndipo ikapita. Ikakaa sebuleni. Ikapendeza.

Rawiya hakuona uzuri. Alisema kwa wiki sita amekuwa akipita ubavu ubavu na sinia ya chakula mkononi, kwamba mkeka wake unanuka oili, kwamba mashoga zake hawaji tena kwa kuwa hawana pa kukaa. Atarudi siku atakaposikia sebule ina nafasi ya kutandika mkeka. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Simu hapokei. Nimepiga mara kumi na tisa.

Lakini hakusema niiuze! Nimelitafakari sana jambo hili. Alisema nafasi tu.

Na ni nani aliyempeleka kwao? Shuaib! Jirani yangu Shuaib, mwenye boti ya abiria iitwayo Taratibu, yenye mashine mbili za nguvu za farasi arubaini kila moja. Tena hakumtoza nauli. Wakati wa kuondoka akanipungia mkono. Sitausahau mkono ule.

Mpango nimeupata wakati wa kusugua sufuria ya chai. Injini itoke sebuleni iingie ndani ya mashua aliyoniachia ami yangu. Niende nayo Mbwajumali kwa nusu ya muda wa Shuaib. Nimchukue mke wangu mchana kweupe, watu wakiona. Sebule itapata nafasi, Shuaib atapata aibu. Mambo mawili kwa safari moja!

Jumanne, 14 Januari

Balaa. Shuaib anaagiza mashine ya tatu. Ametangaza barazani, baada ya alasiri, kwa sauti ya kunifikia mimi.

Basi lita saba hazitoshi. Lazima injini itanuliwe. Nimeamua nane. Silinda nane, lita nane. Mtu akiuliza unajibu neno moja tu, hakuna haja ya kuongeza.

Nimemwendea Patroba. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Busia, amepanga chumba cha chini kwetu. Kijana mwema, ila anapenda ukweli kupita kiasi. Alikuja na rula, akapima tundu la silinda, akapima pistoni inapanda na kushuka urefu gani, akakokotoa nyuma ya karatasi ya mtihani. Eneo la tundu, mara urefu wa safari ya pistoni, mara nane. Akasema ili nifike lita nane kamili, kila tundu lipanuliwe milimita nne. Nilimkumbatia.

Kisha akaharibu. Kasoma kwenye simu kwamba kuta za silinda ni nyembamba, na nyuma yake yanapita maji ya kupoza. Kwa injini hii mtu asizidishe milimita moja na nusu, la sivyo ukuta utatoboka. Hiyo itanipa lita saba na nusu na ushee. Nikamuuliza kama aliwahi kumsikia mtu akijisifu kwa ushee. Nilimshukuru, nikamtengenezea zipu ya begi lake, na sikumsikiliza.

Jumatano, 15 Januari

Matondoni!

Wazo hili nimelipata usingizini, kwa hivyo halina kosa. Watu husema silinda hupanuliwa Mombasa, kwa mashine kubwa. Mombasa ya nini? Ni nani duniani anayejua kutoboa kuliko watengenezaji wa vyombo vya bahari wa Matondoni? Fundi Jamaludin ametoboa mbao kwa keke, ile drili ya upinde, tangu kabla sijazaliwa. Hakuna mashua ya huku ambayo hajaitia tundu.

Nimefungua injini yote. Kile kiunzi chake kizito tumekipeleka Matondoni kwa mashua. Vilivyobaki, yaani vifuniko, minyororo, springi na bolti mia na kitu, nimevipanga sebuleni kwa utaratibu. Sasa sebule haina hata pa kuweka mguu. Lakini ni ya muda tu.

Fundi Jamaludin alikizunguka kile chuma mara tatu. Aliuliza ni chombo cha nani kilichozama. Nilipomweleza, akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha macho yakamng'aa. Nikajua nimempata.

Nilimwambia kila tundu liongezwe milimita nne. Akasema yeye milimita hazijui. Hupima kwa wanda, upana wa kidole, na katika kazi yake kipimo kidogo kabisa ni robo ya wanda. Akaweka kidole chake juu ya chuma nione. Kidole cha Fundi Jamaludin si kidogo. Lakini mtu haendi kwa bingwa kisha akamfundisha kazi. Tumekubaliana robo wanda. Badala ya malipo nitamtengenezea bintiye cherehani mbili.

Alhamisi, 16 Januari

Siku tukufu!

Keke ya kawaida mtu huishika kwa mikono miwili. Hii aliyoiunda Fundi Jamaludin ilikuwa na upinde wa urefu wa mtu, na mahali pa ncha ya kutobolea paliwekwa gogo la mkoko lililovishwa msasa. Mafundi wawili walivuta upinde, huku na huku, gogo likazunguka ndani ya silinda, unga wa chuma ukaruka. Matondoni nzima iliacha kazi ikaja kutazama. Mzee mmoja alisema keke ya namna hii haijapata kuonekana tangu aanze kuota ndevu. Nilitoa machozi kidogo. Nikasema ni unga.

Kufikia adhuhuri tulikuwa na silinda nne. Kufikia alasiri, saba. Nilichungulia silinda ya tatu nikaona mwanga ndani. Nikamwita kila mtu aje aone chuma kilivyong'aa, ukutani mle unaweza kunyolea ndevu.

Kisha sisimizi akaingia kupitia ule mng'ao.

Nilikaa chini. Silinda ya tatu ina tundu la kupita sisimizi. Ya tano ina tundu la kupita kidole. Ya saba sikutaka kuijaribu. Nilimfikiria Patroba na rula yake, nikamchukia.

Fundi Jamaludin hakushtuka hata kidogo. Alinitazama namna daktari anavyomtazama mtu mwenye mafua. Akasema: "Kula chombo huvuya siku ya kwanda. Tutatia kalafati."

Kumbe kila chombo huvuja siku ya kwanza! Kalafati! Pamba iliyolowekwa mafuta na kupigiliwa kwa patasi kwenye mianya, ndiyo inayozuia bahari nzima isiingie ndani ya jahazi. Itashindwa na kikombe cha maji ya kupozea injini? Nilisimama. Nilimbusu mkono.

Ijumaa, 17 Januari

Asubuhi tumemaliza silinda ya nane, tukatia kalafati. Kazi safi. Fundi Jamaludin alipigilia pamba kwa mapigo madogo madogo, akapaka juu yake ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu wanaopaka chini ya mashua. Akamwaga maji kujaribu. Halikupita tone! Katika miaka hamsini, alisema, hakijazama chombo chake hata kimoja. Sikumuuliza ni vyombo vingapi kati ya hivyo vilivyopata kuwaka moto ndani mara elfu mbili kwa dakika. Swali lenyewe limenijia sasa hivi tu.

Shida moja ndogo. Nilitumbukiza pistoni ya zamani kwenye silinda mpya. Ikapita moja kwa moja, ikatokea upande wa pili, ikaniangukia mguuni.

Kumbe mtu akipanua tundu, kinachoingia tunduni lazima nacho kinenepe. Hili Patroba hakunionya. Wasomi ndivyo walivyo, wanakuambia nusu.

Msikitini Shuaib aliniuliza hali ya mguu. Nikamwambia ni jeraha la kasi.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda Mokowe kwa Cherono. Huyu ni dada kutoka bara, anayeyusha bati na vyuma vyepesi na kusubu sufuria na meko. Nikamwonyesha pistoni, nikamwomba anifanyie nane, nene kidogo kuliko hiyo. Akaitazama, akaigonga kwa ukucha, akasema anaweza kujaribu lakini hana malighafi. Nimletee sufuria. Tena ziwe zile nzito za zamani, hizi za siku hizi ni karatasi.

Nilirudi nyumbani. Nikafungua stoo. Pale juu ya rafu zimepangwa sufuria za harusi za Rawiya, zile alizopewa na mamake tulipooana, nzito, zina masikio, kubwa mpaka ndogo. Nikazihesabu. Nane.

Silinda nane, sufuria nane! Mtu angehitaji ishara gani zaidi?

Na kwani si nitamnunulia nyingine? Na kwani si ni yeye ninayemwendea? Sufuria zitakuwa zimechangia.

Cherono alizipokea, akazigeuza, akagonga moja, ikalia vizuri sana. "Mzee," akasema, "hizi ni nzuri kuliko hicho kitu unataka nikutengenezee."

Nikamwambia ayeyushe.

Pistoni zimetoka. Haziko sawasawa kabisa, moja ina alama ya sikio. Lakini zina afya.

Jumapili, 19 Januari

Naandika kwa haraka. Mwandiko ni mbaya, nisamehewe.

Asubuhi Shuaib alikuja mpaka mlangoni. Ana salamu kutoka Mbwajumali. Mpwa wake Rawiya, Aaliya, anaolewa, na Ijumaa ni walima. Wageni ni wengi, vyombo havitoshi. Rawiya amesema hivi, na Shuaib alinirudilia maneno mara mbili kwa furaha ya kuwa mjumbe: Gharib alete sufuria zangu za harusi. Asizitume kwa mtu. Azilete mwenyewe, kwa mkono wake, Alhamisi. Akizileta tutazungumza.

Tutazungumza! Siku tisa hajapokea simu, leo anasema tutazungumza! Nilirukaruka pale pale kizingitini. Shuaib naye akarukaruka kidogo, maskini, hakujua sababu.

Kisha nikakumbuka sufuria ziko wapi.

Niliketi juu ya ngazi saa nzima. Nilifikiria kukimbilia Malindi. Nilifikiria kumwambia Rawiya ukweli kwa simu, na nikashukuru kwamba hapokei.

Ndipo utulivu ukanishukia. Amesema nizilete sufuria. Sufuria ziko ndani ya injini. Injini itakwenda Mbwajumali. Basi sufuria zitakwenda Mbwajumali! Zote nane, na mimi mwenyewe nimezibeba. Hakuna mahali nitakapokuwa nimesema uongo. Na atakapoiona kasi yake, atasahau alichoniagiza.

Nimekula embe mbili kwa furaha.

Jumatatu, 20 Januari

Kiunzi kimerudi sebuleni, nimeunganisha kutwa. Ringi za zamani nimezivuta mpaka zikakubali. Gasketi nimekata kwa mkono kutoka ndara kuukuu, na kingo zake nikatia kalafati, maana sasa najua siri.

Oili. Injini inataka lita saba za oili. Mimi nina chupa kumi na moja za mafuta ya cherehani, zile ndogo. Nilizimimina zote. Hazikulowesha hata sakafu ya injini. Nikakumbuka Fundi Jamaludin alinipa dumu la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua. Mafuta ni mafuta. Nikamimina.

Harufu ni nzito kidogo. Paka wameanza kuja. Alasiri nilihesabu thelathini na moja mlangoni, wamekaa kwa adabu, wanatazama ndani.

Jumanne, 21 Januari

Imewaka! Imewaka! Imewaka!

Mahamali waliiteremsha mpaka gatini, paka wakitufuata nyuma. Tuliifunga ndani ya mashua, tukaiunganisha na pangaboi. Mashua ikashuka majini mpaka ikabaki shubiri moja juu ya maji, na mimi sijaingia bado. Nimeipa mashua jina jipya, nimeandika kwa rangi nyekundu: Hanipiti Mtu.

Nilizungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Kikohozi. Mara ya tatu, mlio ukatoka ambao Amu haijapata kuusikia. Punda wote wa ufuoni walikata kamba wakatawanyika, mmoja akaingia duka la vitambaa. Moshi wa buluu ukapanda, ukatanda mji mzima, harufu ya papa wa kukaanga. Mwanamke mmoja alifungua dirisha akauliza ni nani anayepika na kama anauza.

Ilinguruma sekunde arubaini. Sijawahi kufurahi hivyo tangu siku ya harusi yangu, na siku ile nilikuwa na homa.

Jumatano, 22 Januari

Patroba amekuja kutazama. Aliniomba niiwashe, akaweka mkono karibu na mabomba, moja baada ya jingine. Mawili yalikuwa baridi. Silinda ya tatu na ya tano haziwaki kabisa, zinazunguka tu kwa kufuata nyingine. Akatoa kalamu. Nikamwambia asitoe kalamu. Akatoa.

"Mzee, kila silinda sasa ni lita moja, na zinazofanya kazi ni sita," alisema kwa upole. "Hizo ni lita sita. Ulianza na saba."

Nimempiga marufuku kuhesabu ndani ya nyumba hii.

Lita nane ni lita nane. Mbili zimepumzika, basi.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika nikiwa Mbwajumali, nimeketi juu ya gunia la mchele. Nguo nilizovaa si zangu. Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka Amu maji yakiwa yamejaa, Shuaib na Taratibu yake wamejaza wageni wa harusi, mimi peke yangu na Hanipiti Mtu. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito. Mpaka mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikokoni, Shuaib alikuwa mbele. Aligeuka, akanipungia mkono.

Nikakanyaga mpaka mwisho.

Mungu ni shahidi, nilimpita! Mashua iliinua kichwa, mikoko ikawa mstari mmoja wa kijani, povu kushoto, povu kulia, wageni wa harusi wakasimama wakapiga vigelegele, nami nikampungia mkono Shuaib, mikono yote miwili, nikiimba. Dakika moja. Labda moja na nusu. Nitaikumbuka mpaka kaburini.

Kisha ukasikika mlio wa kizibo kikifyatuka. Kalafati ya silinda ya tatu ilitoka kwa kishindo, ikapita karibu na sikio langu. Ikafuata ya tano. Ikafuata ya saba, na hii ilichukua kofia. Maji yakaingia kwenye moto, mvuke ukatoka kila mahali, na kutoka kifuniko cha juu ikaruka chemchemi ya maji moto yenye mafuta ya papa, ikanyesha juu ya kanzu yangu. Injini ikasema neno moja ikanyamaza.

Maji ya bahari yalikuwa yameanza kupwa. Hanipiti Mtu ilikaa juu ya tope katikati ya Mkanda. Taratibu ikanipita, taratibu.

Shuaib alirudi. Lazima niandike hili. Alirudi na boti imejaa watu, akanitupia kamba, akanifungasa, yaani akanivuta, mpaka Mbwajumali, na njia nzima hakucheka. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kucheka.

Rawiya alikuwa ufuoni na wanawake wa arusi. Wote walikuja kupokea sufuria. Nilishuka ndani ya tope mpaka magotini, nanuka papa, nina masizi usoni. Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza sufuria ziko wapi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri sana. Hayakuja. Nilinyoosha kidole nikaonyesha injini. Nikamweleza ile kubwa ya pilau iko katika silinda namba moja, ile ya maziwa iko namba nane. Bi Saadiya aliangua kicheko mpaka akashikwa. Rawiya hakucheka. Macho yalimjaa maji, akageuka akaondoka.

Niliona haya. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona haya mpaka masikio yakauma, na sikuwa na mpango wowote.

Ijumaa, 24 Januari

Jana jioni niligonga mlango wa kila nyumba ya Mbwajumali kuazima sufuria. Sikujua la kufanya jingine. Nilijieleza katika kila mlango, na kila mlango ulitaka kisa chote tangu mwanzo. Nilibeba sufuria kumi na nne kichwani kwa safari saba.

Leo nimekoroga pilau tangu alfajiri. Moshi, jasho, mwiko wa urefu wangu. Arusi imekwenda vizuri, bi arusi alipendeza, wageni walishiba. Baadaye nimesugua sufuria zote kumi na nne kwa mchanga, nikazirudisha, kila moja kwa mwenyewe, na sikukosea hata moja.

Wakati wa kusugua Rawiya alipita. Aliniachia glasi ya maji ya ndimu.

Injini haikufika nchi kavu. Wavuvi walijaribu kuichomoa kwenye mashua, ikawashinda, ikazama kwenye tope pale ufuoni. Wamesema ikae.

Jumapili, 26 Januari

Tumerudi! Rawiya yuko nyumbani! Ameufagia ukumbi na sebule, vile vyuma vilivyobaki ameviita mahamali wakavibeba sijui wapi, mkeka umetandikwa, chai haijaungua. Mashoga zake watatu wamekaa tangu alasiri na hawana dalili ya kuondoka. Nimeapa mbele ya Bi Saadiya kwamba haitaingia tena injini sebuleni maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Njiani, ndani ya boti ya Shuaib, Rawiya alikaa karibu nami ingawa bado nilikuwa na harufu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, Shuaib asisikie:

"Miaka ishirini na miwili nakuona ukenda kutukua mashine. Yeo umekuya kunitukua mimi."

Nimelitafakari neno hili kutwa, kwamba leo nimekuja kumchukua yeye na si mashine. Ni neno zito, lina maana ya ndani, na nadhani nimeifikia. Alipoondoka hapa injini ilikuwa lita saba. Aliporudi ilikuwa imeshakuwa nane. Hesabu iko wazi, hata Patroba hawezi kuipinga! Mimi nilidhani ni kasi, kumbe ni ujazo. Kama lita moja tu imemlainisha mke hivi, fikiria lita sita zaidi.

Maana Cherono amenipigia simu adhuhuri. Kuna tingatinga limekufa huko Hindi, barani karibu na Mokowe. Injini yake ina silinda kumi na mbili, lita kumi na nne, na mwenyewe anataka cherehani.

Sebuleni haitakaa. Nimeapa, na mimi ni mtu wa ahadi. Lakini chumba chetu cha kulala ni kipana kuliko sebule kwa hatua mbili, nimekipima sasa hivi kwa kamba. Kitanda kikiegemezwa ukutani, itaenea. Atafurahi ajabu kuiona pale, karibu naye, akiamka.

Rawiya amechungulia akaniuliza napima nini. Nimemwambia napima pazia. Amefurahi sana, amesema anataka la kijani.